Bitana ya Koti Nambari 417

Kila anayeingia dukani kwangu tangu nirudi huuliza kwanza kama halwa imebaki, kisha huuliza kama ni kweli nilikwenda Omani, tena mwezi wa joto, kutafuta nguo ya baridi. Halwa imekwisha. Hilo la pili naliandika hapa mara moja, na karatasi nitaiacha juu ya meza ya kukatia, ili anayetaka asome mwenyewe na mimi nipate kushona. Habari za pasi, viza na tikiti nimeziruka. Hazina utamu.

Samail

Aliyeniita ni Said, mtoto wa ami yangu. Tulilelewa nyumba moja hapa Mjini, Zanzibar, mpaka alipofika miaka minane, akaondoka na mama yake kwenda Omani. Huko amesoma, amefanya kazi ya serikali, idara ya maji, ameoa, amefiwa na mkewe, na amestaafu. Siku hizi anakaa Samail, nyumba iliyozungukwa na mitende, na kazi yake ni kukusanya makoti ya jeshi. Si makoti yoyote. Anataka yale ya baridi tu, ya zamani, yaliyovaliwa na askari wa nchi zenye theluji.

Nilifika jua limesimama katikati ya kichwa. Said alinikumbatia, akaniuliza hali za watu wote akiwemo jirani yetu aliyekufa zamani, akanipa kahawa na tende. Sijamaliza kikombe, akanivisha koti.

Lilikuwa la rangi ya majani makavu, refu hadi magotini, lina kofia nyuma. Nilisimama uani nikiwa nimelivaa, jasho likinitiririka mpaka soksini.

"Unalionaje?" akaniuliza.

Nilitaka kumwambia naona giza. Lakini mimi nimekuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini, na mikono yangu ilikuwa imeshaanza kulipekua. Mishono yake miwili miwili, sambamba. Vifungo vikubwa, vimeachiwa shingo ndefu ya uzi ili vidole vyenye glavu viweze kuvishika. Mifuko imekatwa mshazari, mkono uingie bila kutafuta. Sijapata kuona nguo iliyofikiriwa namna ile.

"Suti unaishona ili mtu apendeze," Said akasema. "Hii kaishona mtu aliyeogopa kwamba mwenziwe atakufa."

Hapo nilianza kumfahamu. Akaniambia wakusanyaji wenziwe wapo kila pahala, wanaandikiana kila siku, na wanachokipenda ni kile ambacho mimi dukani ningekiondoa: doa la mafuta, tobo la nondo, jina lililoandikwa kwa wino. Koti lililofuliwa sana limepoteza nusu ya heshima yake. Lililoshonwa upya halina heshima kabisa.

Koti hili nililovaa, alilinunua Nizwa miaka kumi na moja nyuma, na lina kasoro moja. Ndani yake kuna vifungo vidogo kumi na kimoja vilivyozunguka ukingo mzima, na havikushika kitu. Pale palikuwa na bitana ya sufu, ya kutia na kutoa, nayo haipo. Chini ya ukosi, katikati ya mgongo, ipo nambari kwa wino mweusi: 417. Bitana iliyopotea lazima iwe na nambari hiyo hiyo. Sasa Said alikuwa amepata fununu kwamba imeonekana. Kwa kuwa watu siku hizi hughushi hata nambari, alitaka jicho la fundi lithibitishe. Fundi anayemwamini ni mimi.

"Si ungeniambia tu," nikasema. "Bitana ya sufu nakushonea kesho kabla ya adhuhuri. Na mfuko huu uliochanika nautia uzi sasa hivi."

Said aliniondolea mkono mfukoni. "Abdalla, mke akifa unaweza kuoa mwengine. Lakini humwiti kwa jina la yule."

Nikamwambia mimi nilikuwa nazungumzia bitana.

"Na mimi pia," akasema. "Livue, usilitie jasho."

Nizwa

Fununu ilikuwa kwa Badar, mwalimu wa chuo anayekaa Nizwa, naye mkusanyaji. Mamake ni mzaliwa wa Pemba, kwa hivyo Kiswahili anakijua kwa masikio kuliko kwa ulimi. Yeye na Said ni marafiki wakubwa na hawaaminiani hata kidogo.

Tulikaribishwa sebuleni saa tatu asubuhi. Nilidhani tutauliza bitana iko wapi, tutaambiwa, tutaondoka. Ikaja kahawa. Wakaulizana hali za watoto, kila mtoto kwa jina lake. Ikaja sahani ya matunda. Wakaulizana habari za mvua. Ikaja halwa, tukanawa vidole, ikaja kahawa tena. Saa tano nikamnong'oneza Said, "Muulize basi."

"Nishamuuliza," akanijibu. "Hukusikia nilivyosema kuhusu mvua?"

Mnamo saa sita Badar alitaja, kama mtu anayejisemea, kwamba miguu yake hupata baridi siku hizi. Nje mbuzi walikuwa wamejibanza kwenye kivuli cha ukuta. Said akavuta pumzi, akatoka kwenda garini, akarudi na mfuko. Ndani mlikuwa na viatu vya sufu nzito iliyogandamizwa, virefu hadi goti, vya askari wa kulinda reli za kwenye barafu. Badar akavinusa. Akavua makubadhi yake, akavivaa, akatembea navyo juu ya zulia mpaka dirishani na kurudi. Alikaa chini navyo na ndipo akatoa simu.

Kumbe mpango ulikuwa huo tangu mwanzo.

Katika simu yake mlikuwa na ujumbe wa sauti wa msichana mmoja wa Ibra, jina lake Thuraya, anayefanya kazi kliniki ya meno. Badar alikuwa amewatangazia watu kwamba anatafuta vitu vya jeshi vya zamani, na msichana akamjibu. Tuliusikiliza mara tatu, vichwa vitatu juu ya simu moja. Shida ni kwamba aliurekodi kazini, na nyuma yake palikuwa na mashine ya kutobolea meno.

"Iko kitu ya babu yangu," sauti ikasema, "ya jeshi, ya zamani, kab—" mashine ikalia, "—ti. Nambari iko: arba'a, moja, saba."

"Kabuti!" akasema Said.

"Kabuti," akasema Badar. Kabuti ni koti zito la baridi; na koti la 417 Said analo, basi kilichobaki ni bitana.

Na mimi, aliyeletwa kwa ajili ya jicho lake, nikasema kwa sikio langu, "Kabuti. Kabisa."

Ibra

Saa mbili za barabara, milima ya rangi ya kutu upande huu na upande huu. Ibra tulifika adhuhuri ya siku ya pili. Said akatafuta pa kuegesha gari, mimi nikatangulia kuingia kliniki. Bibi wa mapokezi alikuwa Mhindi. Aliniuliza jina, nikamwambia. Akaniuliza umri, nikamwambia. Nilimwona mtu mwenye adabu anayependa kumjua mgeni wake. Baada ya nusu saa nikaitwa ndani, nikalazwa kwenye kiti, taa ikawashwa, na daktari akanitia kioo mdomoni. Nilijaribu kusema "Thuraya." Mtu mwenye kioo mdomoni hawezi kusema Thuraya.

Magego mawili ya kushoto, juu, yanataka kutazamwa. Hayo nimeambiwa, nawaambia na nyinyi.

Msichana aliyekuwa akimpa daktari vyombo alisimama akanikazia macho. "Ammi, wewe ndiye na Ammi Said? Wa kitu ya babu?"

Huyo ndiye Thuraya; Badar alikuwa ameshamwambia tunakuja. Miaka ishirini na nne hivi, mchangamfu, mzaliwa wa huko huko. Wazazi wa mamake ni watu wa Zanzibar. "Mimi nafahamu yote," akatuambia njiani, "lakini kusema, shwayya ngumu. Mama yangu anacheka mimi."

Alitupeleka nyumbani kwa mamake, Bi Asya, aliyekuwa ametandika chakula kama kwamba alitutarajia tangu mwaka jana: wali, mchuzi wa papa mkavu, ndimu ya kukaanga, na achari iliyonitoa machozi. Said alikula kidogo. Kila baada ya tonge alitazama mlangoni. Mwishowe Thuraya akasema yalla, akatuongoza hadi ukumbi wa nyuma, akavuta shuka.

"Hii ndio."

Lilikuwa kabati. Kabati la chuma, la kijani, refu kunipita, mlango mmoja, limebonyea ubavuni. Juu ya mlango imepakwa rangi nyeupe: 417.

Said alifungua mlango akatazama ndani. Palikuwa na rafu moja na kitundikio cha plastiki. Akaufunga. Akaufungua tena.

"Na kabuti?" akauliza.

"Eeh, kabati," akasema Thuraya.

"Kabuti."

"Kabati! Hii!" Akalipiga kofi, likalia kama debe. "Naam, Ammi, mimi nasema kabati toka siku ile."

Bi Asya, aliyekuwa nyuma yetu na birika, alikuwa wa kwanza kufahamu. Alicheka mpaka akaketi chini, na birika lake mkononi. Thuraya naye akacheka alipoelezwa. Said hakucheka. Alikuwa ametoa viatu vya walinzi wa reli kwa ajili ya herufi moja.

Nilimwonea huruma. Nikamwuliza Thuraya kama babu yake hakuacha nguo yoyote ya jeshi, labda bitana. Bitana hakujua ni nini. Nikalileta koti la Said kutoka garini, nikalifunua, nikamwonyesha vile vifungo vidogo vya ndani, nikamwambia kwa mikono: kitu cha sufu, kinakaa hapa, kina matobo ya vifungo kuzunguka.

"Aaa!" akasema. "Blanketi ya babu! Rangi ya jivu! Iko Sur, kwa khala Zainab, dada ya mama. Babu anajifunika nayo."

"Anajifunika?" akauliza Said. "Babu yako yuhai?"

"Yuhai, alhamdulillah. Mgonjwa tu."

Said alikaa juu ya ukingo wa ngazi. Nikamwuliza ana nini. Akanambia polepole kwamba kwa miaka kumi na moja hakupata hata siku moja kufikiri kwamba 417 ni mtu.

Njia ya Sur

Bi Asya alituombea dua ya safari, akatupa mandazi kwenye kopo, kisha akasema maadamu tunakwenda Sur, basi tulirudishe na kabati. Alikuwa amelichoka ukumbini mwake. Huwezi kula papa wa mtu ukamkatalia. Tukalifunga kamba juu ya gari, Said akijifanya hatazami mikwaruzo.

Kabla ya kutoka Ibra alisimama sokoni akanunua blanketi jipya, zito, lina picha ya chui. "Nitambadilishia," akasema. "Ile yake imezeeka. Hii nzuri zaidi. Si nzuri zaidi?"

Nikamwambia chui amechorwa vizuri.

"Mgonjwa anataka joto tu, Abdalla. Hatajali bitana na nambari."

Aliyasema hayo mara nne kabla ya kufika Al Kamil, kila mara kwa maneno mengine, na mimi kila mara nikatazama nje.

Upepo wa jangwani ulipotupiga ubavuni, mlango wa kabati ukafunguka. Ulijipiga juu ya vichwa vyetu, ba, ba, ba, mpaka tukasimama pembeni ya barabara. Kamba ilikuwa imekatika. Tulikaa hapo zaidi ya saa nzima, tukala mandazi, tukayamaliza. Magari yalipita kwa adabu, yakipunguza mwendo ili yatutazame.

Aliyesimama ni Bedui mmoja, mtu wa makamo, amempakia ngamia nyuma ya pikapu. Alishuka na kamba yake mwenyewe, akalizungusha kabati kwa ustadi wa mtu aliyezoea mizigo inayopinga. Mazungumzo yalikuwa kwa Kiarabu, nikiyapata nusu, Said akinitafsiria baadaye.

"Ndani muna nini?" akauliza Bedui.

"Hamna kitu," akasema Said.

"Mnalipeleka wapi?"

"Sur."

"Sur hakuna makabati?"

Said akasema yapo. Bedui akatikisa kichwa, akatazama kiti cha nyuma. "Na lile?"

"Koti la baridi."

Bedui alitazama mbingu nyeupe juu yetu, isiyo hata na wingu moja. Akatazama blanketi la chui. Akafunga fundo la mwisho, akamshika Said bega na kumwambia Mwenyezi Mungu amsahilishie. Ngamia wake alitutazama mpaka wakapotea.

Sur

Tuliingia Sur kesho yake asubuhi, tumelala kwa mtu tunayejuana naye hapo Al Kamil. Nyumba ya Bi Zainab iko mtaa wa ndani, mlango wa buluu. Alitufungulia mwenyewe, mama wa miaka hamsini na kitu, taulo shingoni, uso umelowa jasho. Kabla hajajibu salamu aliona kilichoko juu ya gari.

"Hilo nimelitoa humu ndani mimi mwenyewe," akasema. "Kwa mikono yangu. Mnalirudisha kwa nini?"

Tukasema tumeagizwa na Bi Asya. Akasema Bi Asya ni dadake, anamjua, tuingie. Kabati lilichukuliwa siku ile ile na jirani, ametia viatu vya watoto.

Chumba cha mgonjwa kilikuwa mbele. Bi Zainab alifungua mlango, na nilidhani amefungua tanuri. Madirisha yamefungwa, mapazia yameshushwa, kiyoyozi ukutani kimezimwa, pangaboi limesimama. Mle ndani, katika kiti cha magurudumu, alikaa mzee mwembamba, ndevu nyeupe, taya likimtetemeka kwa baridi.

"Tangu apate kiharusi ni hivi," Bi Zainab akatunong'oneza. "Mkono wa kushoto umekufa, wa kulia haupandi juu ya kifua. Na baridi haimtoki. Daktari anasema ni maradhi yenyewe. Nikiwasha hata pangaboi analia. Miezi minne tumo humu."

"Shikamoo, mzee wangu," Said akasema.

"Marahaba." Sauti ilikuwa nzito, maneno yakija moja moja. "Mtu wa wapi wewe?"

"Wa Zanzibar, mzee. Mjini."

"Mtaa gani?"

Said akautaja. Mzee Harith, ndilo jina lake, akafumba macho akautembea mtaa wetu mzima kwa mdomo: nyumba ya fulani, kisima, duka la mafuta, kichochoro. Alikosea nyumba moja tu, na huenda ni mimi niliyekosea.

Nami wakati wote huo nilikuwa naitazama ile bitana. Ilikuwa mabegani mwake, rangi ya jivu, sufu nzito, inateleza upande mmoja. Kila alipopumua iliteremka, na Bi Zainab akaipandisha bila ya kutazama, kama mtu anayefukuza nzi. Niliomba ruhusa nimtengenezee. Matobo kumi na moja, yametiwa uzi kwa mkono. Katikati ya mgongo, chini ya ukosi, wino umefifia: 417.

Nikamgeukia Said. "Ni yenyewe."

Said akalifungua blanketi la chui, akalitandaza mikononi kama mwuza vitambaa, akaanza maneno yake aliyoyapanga tangu Ibra, kwamba yeye ana koti ambalo, na kwamba bitana ile, na kwamba iwapo mzee ataridhia.

"Mnataka kumvua?" akauliza Bi Zainab.

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kwa sababu hakuamini kama amesikia sawa. Said akabaki amemshika chui wake.

"Blanketi anazo sita," Bi Zainab akaendelea. "Anasema zinamlemea. Hii tu ndiyo anayoitaka, na yenyewe haikai. Nimeitia pini, pini zikamchoma. Usiku kucha mimi na yeye, inateremka, naipandisha."

"Wacha, Zainab," akasema mzee. "Hajui huyu." Kisha akamwambia Said: "Hii nimeiiba."

Akatueleza. Alipofika Omani kijana aliandikishwa jeshi, akapelekwa Jabal Akhdhar, juu kabisa, fundi wa redio. Baridi alikuwa hajaijua maishani mwake. Asubuhi ya kwanza alikwenda kutia udhu akakuta ndoo imefunikwa kioo, akagomba, nani kaweka kioo juu ya ndoo? Wenziwe walicheka siku tatu. Sarjenti wa ghala akampa koti kutoka kwenye shehena ya nguo kuukuu za nchi za mbali, akampigia nambari yake nje na ndani. Misimu mitano ya baridi alilivaa. Siku ya kuhamishwa alitakiwa alirudishe, lakini bitana alikuwa ameifua, ilikuwa mbichi, imetundikwa juu ya mkomamanga. Sarjenti akapokea koti, akamwambia nyengine ilete kesho. Kesho gari liliondoka alfajiri.

"Akaandika daftarini: koti moja, nusu," akasema Mzee Harith. "Nusu yake nini? Nusu ya juu? Nusu ya mikono? Nimekuwa nikimfikiria yule mtu anayelisoma daftari." Akacheka kidogo, na bitana ikateremka.

Said aliinuka akatoka. Nilidhani amekasirika, au anataka hewa, ningemwelewa. Alirudi na koti limemlalia mikononi. Akapiga magoti mbele ya kiti, akafunua ukosi, akamwonyesha.

Mzee alitazama nambari yake kwa muda mrefu. "Mfuko huu," akasema mwisho, "niliuchana kwenye waya."

"Nilisema usishonwe," akajibu Said, na sauti yake haikuwa nzuri.

Tukatia bitana ndani ya koti, kifungo kwa kifungo, mimi upande wangu na Said upande wake, vyote kumi na kimoja. Tukajaribu kumvisha. Mkono wa kushoto uliingia kwa kuvutwa. Wa kulia ulipofika bega mzee akapiga ukelele, Bi Zainab akasema basi, basi, tukaacha. Tukajaribu kuanza na wa kulia. Ukelele ule ule. Jasho lilikuwa likitudondoka juu yake.

Nililijua jawabu kabla ya wote, na ndiyo sababu nilinyamaza. Mwishowe nikasema. Mtu asiyeweza kunyanyua mikono huvishwa kwa mbele, kama shati la hospitali. Koti lazima lifunguliwe mgongoni, kutoka pindo mpaka ukosi, na bitana yake pia, kisha litiwe tepe za kufungia ubavuni.

"Kulifungua," akasema Said.

"Kulikata."

Akalipindua koti akatia kidole chini ya ukosi. "Litapita hapa."

"Naweza kupinda. Nipite kushoto ya nambari."

"Itamuumiza?"

Sikutaka kumdanganya. "Mshono utakaa mnene pale, na yeye mchana kutwa ameegemea mgongo."

Said alitazama nambari, akamtazama Bi Zainab na taulo lake. "Basi kata katikati."

Mkasi uliokuwepo ulikuwa wa kukatia samaki. Bi Zainab aliuosha mara tatu. Nililaza koti mezani, nikapiga mstari kwa kipande cha sabuni, nikaanza pindoni. Turubai ya zamani ina ubishi, hukatika kwa sauti. Said alishika upande mmoja ili nguo isiteleze. Nilipofika kwenye ukosi mkasi ulipita kati ya nne na moja. Nimekata vitambaa vingi maishani, mpaka vya sanda, na hakuna nilichokikata polepole vile.

Nikiwa napiga tepe kwa cherehani ya Bi Zainab, Badar alipiga simu. Said aliipokea kizingitini.

"Naam, tumeipata. Ndiyo, yenyewe. La, haiko kamili. Imekatwa." Akasikiliza. Hata mimi niliisikia sauti ya Badar ikipanda. "Ndiyo, na koti pia. Katikati." Akasikiliza tena akiulizwa nani kaamua ikatwe, kisha akasema, "Mimi," akaizima.

Tulimvisha Mzee Harith kabla ya adhuhuri. Mikono iliingia kwa mbele bila kupanda juu hata inchi. Nikafunga tepe ubavuni, Said akafunga vifungo vikubwa vya kifuani, akamwekea na kofia. Lilimpwaya kidogo, amekonda tangu siku zake za mlimani, lakini lilikaa. Alipumua, halikuteremka. Bi Zainab alinyoosha mkono kulipandisha, kwa mazoea, na mkono ukabaki hewani hauna kazi.

Tukangoja. Taya lilitetemeka, likapunguza, likatulia.

"Zainab," akasema mzee. "Washa AC. Mmeteseka mno, mwanangu."

Bi Zainab hakukumbuka rimoti iko wapi. Tuliitafuta wote wanne, mzee akituelekeza kwa macho, ikapatikana nyuma ya dawa, ina vumbi. Upepo wa kwanza ulitoka na harufu ya kufungiwa. Bi Zainab alikaa sakafuni chini yake, akavua taulo shingoni, akaegemeza kichwa ukutani, akalala papo hapo, mdomo wazi, mbele ya wageni.

Hatukutaka kumwamsha, basi tukabaki. Chumba kilipoa. Kilipoa zaidi. Said, katika kanzu yake nyepesi, alijikunyata, akatia mikono kwapani. Mzee Harith alimtazama kutoka ndani ya kofia.

"Na wewe," akamwuliza, "huna koti?"

"Ninayo arobaini na tatu," akasema Said. "Yako Samail."